Sindano na Tarehe Yake: Kutoka Buba hadi Mifupa

Anayetaka kujua sindano za osteoporosisi, ugonjwa unaopunguza uzito wa mifupa hadi ivunjike kwa jambo dogo, zitatumiwaje kwa usalama Kiambere na kwingineko katika Mbeere, Embu, na aanze na sindano za buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Katika miaka ya 1920 vidonda vya ugonjwa huo viliwatesa watu wengi, watoto hasa, katika maeneo yanayozunguka Mlima Kenya. Sindano za aseniki za kuutibu, zilizotokana na kazi ya Paul Ehrlich wa Ujerumani mwaka 1910, zilikuwa ghali. Zile za bismathi zilizofuata zilikuwa nafuu, na idara ya tiba ya koloni chini ya John Gilks ikazifikisha vijijini. Misheni nayo ilitoa sindano hizo. Daktari Archibald Irvine alipoanza kazi Chogoria mwaka 1922, buba ilimletea wagonjwa wengi. Kidonda kilichokaidi dawa kwa miezi kilianza kukauka baada ya siku chache. Watu waliokuwa na kila sababu ya kuishuku serikali iliyowatoza kodi ya nyumba na kuwavika wanaume kipande, yaani kitambulisho, shingoni walikuja kwa hiari yao kudungwa.

Wakoloni wengi walieleza hamu hiyo kuwa ni imani ya uchawi. Maelezo hayo hayasimami. Waliokuja walikuwa wameona kwa macho ngozi ya mtoto wa jirani ikipona, na huo ni ushahidi ambao mtu yeyote makini angeupokea. Kasoro ilikuwa kwingine: kidonda kilipofunga, wengi hawakurudi kuchomwa sindano ya pili na ya tatu. Kwao ugonjwa ulikuwa kile kidonda, nacho kimekwisha. Vijidudu vilivyobaki mwilini havikuonekana, na baadaye vidonda vingine vilizuka. Tatizo hilo halikuondolewa na mahubiri juu ya kurudi kliniki. Liliondolewa na penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, ambayo sindano moja yake ilitosha. Kati ya 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitibu kwa njia hiyo watu wapatao milioni 50 katika nchi 46. Dawa ndiyo iliyofuata maisha ya watu.

Sindano za osteoporosisi zinaturudisha kwenye tatizo hilohilo la kurudi kwa wakati, na safari hii kosa ni zito zaidi. Mojawapo, denosumabu, iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2010. Katika utafiti wa wanawake 7,868 uliochapishwa mwaka 2009, ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili za mgongo kwa asilimia 68 katika miaka mitatu. Hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, na mgonjwa hasikii nafuu yoyote ya kumwambia kwamba inafanya kazi. Akichelewa sana au akiacha bila kupewa dawa nyingine ya mifupa, mwili huanza kuumomonyoa mfupa kwa kasi kuliko awali, na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Kabla ya kuanza, kalsiamu na vitamini D katika damu ziwe sawa. Mwenye figo zilizochoka sana anaweza kushuka kalsiamu kwa hatari.

Wapo watakaosema osteoporosisi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba mivunjiko ya nyonga imerekodiwa kwa uchache zaidi Afrika kuliko Ulaya ya kaskazini. Lakini pingili nyingi huvunjika bila mtu kwenda hospitali, na mgongo uliopinda wa nyanya huitwa uzee tu. Wengine watasema wanawake wa kijijini hawawezi kufuata tarehe kwa miaka. Hapo historia inawakanusha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya wanawake walioolewa nchini Kenya walitumia sindano ya kupanga uzazi, ambayo kwa kawaida ni ya kila miezi mitatu. Sindano hiyo, iitwayo depo, nayo hupunguza uzito wa mfupa inapotumiwa, ingawa sehemu kubwa hurudi ikiachwa. Wanawake hao walitunza kadi zao kwa sababu kliniki ilikuwa karibu, dawa ilikuwepo, na walijua kitakachotokea wakichelewa.

Masharti hayo matatu ndiyo ya kupimia dawa ya mifupa, na ukaribu wa kliniki na upatikanaji wa dawa ndiyo magumu. Denosumabu huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na friji huhitaji umeme. Bwawa la Kiambere limezalisha umeme tangu 1988, na kwa miaka mingi nyaya ziliupeleka mbali huku nyumba nyingi za jirani zikikaa gizani. Kwa mgonjwa wa huko ambaye figo zake ni nzima, naona daktari wa Embu angeifikiria kwanza asidi ya zoledroniki: dripu moja kwa mwaka, isiyopungua dakika 15, ambayo hubaki ndani ya mfupa, hivyo kuchelewa hakuleti mporomoko wa ghafla. Figo zikikataa na denosumabu ikawa ndiyo njia, kalsiamu ifuatiliwe kwa makini, na dozi ya pili itafutiwe fedha na tarehe kabla ya kudungwa ile ya kwanza.