Kibarua na Kipande: Historia ya Mabishano juu ya Wafanyakazi wa Mashamba Wasio na Hati katika Marekani

Neno kibarua lina maana mbili, na ile ya kwanza imekwisha sahauliwa na wasemaji walio wengi. Kibarua ni barua ndogo. Hapo zamani mtu aliyeajiriwa kwa kutwa alipewa kikaratasi, nacho kilikuwa ushahidi wa kazi aliyoifanya. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Tunalo na neno kipande, ambalo katika Kenya, tangu mwaka 1920, lilikuwa jina la cheti walicholazimishwa wanaume wa Kiafrika kuchukua, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Katika cheti hicho mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi na siku alipomwachia; na yule ambaye hakuandikiwa kuachiwa hakuweza kwenda kuajiriwa kwingine kwa halali. Katika Tanganyika watu wa mkataba wa mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa.

Lugha yetu, basi, imemwita mfanyakazi kwa karatasi au namba aliyokuwa nayo. Katika Marekani twakuta kinyume chake. Huko watu wavunao zabibu, saladi na machungwa huitwa, sehemu kubwa yao, kwa karatasi wasiyokuwa nayo: ni watu wasio na hati. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mabishano juu ya kuwapa watu hao haki ya kukaa kwa sheria yalivyoendelea tangu mwaka 1942. Wasomaji wengi hudhani kwamba ugomvi huo ni baina ya wanaotaka kutoa hati na wanaokataa. Ugomvi huo upo, na ni mkali. Lakini nitajaribu kuonyesha kwamba chini yake pana swali jingine lililo zito zaidi: je, hati itakayotolewa itakuwa kibarua, yaani ushahidi wa kazi iliyokwisha fanywa, au itakuwa kipande, yaani kifungo cha kazi isiyofanywa bado?

Mikono ya mkataba

Tarehe 4 Agosti 1942, wakati wa vita kuu ya pili, serikali za Marekani na Mexico zilipatana kwamba Wamexico waletwe kulima na kuvuna kwa mikataba ya muda. Watu hao waliitwa bracero, neno la Kihispania litokalo katika brazo, maana yake mkono. Jina hilo lafaa kuangaliwa. Kilichotakiwa kivuke mpaka kilikuwa mkono; mtu mwenyewe, pamoja na mkewe na watoto wake, alitarajiwa kubaki kwao, au arudi upesi mavuno yaishapo.

Mpango huo uliokusudiwa kwa vita ulidumu hata tarehe 31 Desemba 1964, na katika muda huo mikataba ipatayo milioni 4.6 ilitiwa sahihi, wengine wakiitia zaidi ya mara moja. Kwa maandishi, bracero alikuwa na haki nyingi: ujira wa kadiri, malazi, na nauli ya kurudi. Kwa vitendo, alifungwa kwa mwajiri mmoja, na aliyelalamika aliweza kurudishwa kwao kabla ya muda wake. Katika miaka ya kwanza sehemu moja katika kumi ya ujira ilikatwa iwekwe akiba huko Mexico, na wengi hawakuiona fedha hiyo. Yafaa tukumbuke jambo hili kwa ajili ya yatakayofuata: bracero alikuwa na hati, na hati yake ilikuwa kipande kamili.

Kuanikwa

Wenye mashamba wengi waliona mkataba una gharama na ukaguzi, nao wakaajiri watu waliovuka mto Rio Grande bila ruhusa. Texas hasa ilifanya hivyo, kwa kuwa serikali ya Mexico, ikichukizwa na ubaguzi wa huko, iliikatalia braceros kwa miaka kadha. Watu waliovuka mto waliitwa kwa tusi la Kiingereza lenye maana ya “migongo iliyolowa.”

Mwaka 1947 serikali mbili zikakubaliana juu ya dawa ya ajabu. Mtu aliyekutwa shambani bila hati alipelekwa mpakani, akakanyaga udongo wa Mexico, akapewa mkataba, akarudishwa shambani. Watu wa siku zile, kwa kuendeleza mzaha ule ule, waliita jambo hilo “kuanika” migongo. Tume ya Rais iliyochunguza habari za wafanyakazi hao ilitoa ripoti mwaka 1951, ikaonyesha kwamba baina ya 1947 na 1949 walioanikwa hivyo walikuwa 142,000 na zaidi, hali walioletwa kwa mkataba kutoka ndani ya Mexico walikuwa 75,000 hivi. Njia ya haraka ya kupata hati, basi, ilikuwa kwanza kuikosa. Hapa ndipo palipozaliwa hoja mbili ambazo hazijafa hata leo: moja yasema kwamba kuhalalisha waliokwisha kuingia kwawaita wengine, ya pili yajibu kwamba waliitwa zamani, na aliyewaita ni mwenye shamba.

Bunge lilichagua kutomwona mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1952 ilifanya kumficha mgeni asiye na ruhusa kuwa kosa kubwa, kisha ikaongeza kifungu, kilichotakwa na watu wa Texas, kusema kwamba kumwajiri si kumficha. Miaka miwili baadaye, 1954, Jenerali Joseph Swing aliongoza msako mkubwa wa kuwarudisha Wamexico, na serikali haikuona haya kuupa msako huo jina la lile tusi. Na wakati ule ule milango ya mkataba ilipanuliwa. Mkono uliofukuzwa upande huu ukakaribishwa upande wa pili, mradi uje na kipande.

Kuna tukio moja linaloonyesha wazi gharama ya kuhesabu mikono bila kuhesabu watu. Tarehe 28 Januari 1948 ndege ilianguka katika bonde la Los Gatos, California, wakafa watu 32. Kati yao 28 walikuwa Wamexico waliokuwa wakirudishwa kwao. Habari zilizoenea zilitaja majina ya Wamarekani wanne. Wale wengine wakatajwa kwa neno moja tu, waliofukuzwa nchini. Walizikwa katika kaburi moja huko Fresno. Majina yao yalichongwa juu ya jiwe mwaka 2013, yaani baada ya miaka 65.

Chama na mvunja mgomo

Ingekuwa rahisi kusema kwamba marafiki wa wafanyakazi walikuwa upande wa kutoa hati tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935, na ile ya ujira wa chini ya mwaka 1938, ziliwaacha nje watu wa mashamba. Hivyo Wafilipino wa Delano, California, wakiongozwa na Larry Itliong, walipogoma mwezi Septemba 1965, wakafuatwa na watu wa César Chávez na Dolores Huerta, silaha yao ilikuwa moja tu: kuacha zabibu mtini. Mwenye shamba aliweza kuivunja silaha hiyo kwa kuleta watu wasio na hati, ambao hofu iliwafunga mdomo. Chama kilichotokana na mgomo huo kiliwahesabu watu hao kuwa adui, hata mwaka 1974 wanachama wake walikuwa wakipeleka habari zao kwa maofisa wa uhamiaji. Baadaye chama kiligeuka, kikawa mstari wa mbele kuwatafutia hati. Sababu si huruma peke yake. Walitambua kwamba hofu ya jirani hushusha ujira wa wote, na kwamba mtu asiyeweza kushtaki hawezi kugoma.

Siku tisini za mwaka 1986

Tarehe 6 Novemba 1986 Rais Reagan alitia sahihi sheria iliyoletwa na Seneta Alan Simpson na Mbunge Romano Mazzoli. Sheria hiyo ilifanya kumwajiri mtu asiye na ruhusa kuwa kosa, ikiwa mwajiri alifanya hivyo “kwa kujua”. Na waliokaa nchini tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982 walifunguliwa njia ya hati. Lakini mswada ulikaribia kufa kwa ajili ya mashamba. Wakulima wa magharibi walitaka mkataba mpya wa mikono. Marafiki wa wafanyakazi, wakikumbuka bracero, walikataa katakata. Wabunge Charles Schumer, Leon Panetta na Howard Berman ndio waliotafuta mapatano: kila aliyefanya kazi ya msimu shambani kwa siku 90 katika mwaka ulioishia tarehe 1 Mei 1986 apewe hati, na akiisha kuipata asilazimishwe kubaki shambani.

Kwa maneno yetu, Bunge lilitoa kibarua, si kipande. Katika watu milioni 2.7 hivi waliopata haki ya kukaa kwa sheria hiyo, wapatao milioni 1.1 waliipata kwa njia ya shamba. Watu wale walikuwa wamelipwa kwa fedha za mkononi, na kwa majina ambayo hayakuandikwa popote. Wangeonyeshaje siku 90? Iliwapasa kuleta barua za wasimamizi na viapo vya wenzao, na palipo na haja ya barua wauzaji wa barua hawakosekani. Udanganyifu ulikuwako, nao umetajwa tangu hapo na kila apingaye sheria nyingine ya namna hiyo. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba aliyeshindwa kuandika siku za kazi alikuwa mwajiri, na aliyeulizwa aziandike alikuwa mwajiriwa.

Neno “kwa kujua” nalo lilifanya kazi yake. Mwajiri alitakiwa aitazame hati; hakutakiwa awe bingwa wa kuitambua ya uongo. Wengi walianza kuajiri kwa mawakala, ili ujuzi ubaki kwa wakala na mavuno yabaki kwa mwenye shamba.

Kurudi kwa kipande

Baada ya 1986 kila upande ulijifunza somo lake. Wapinzani walijifunza neno “msamaha,” nao wamelitumia kama rungu. Kwani asemaye msamaha ameshahukumu kwamba pana dhambi, tena kwamba ni ya mmoja tu. Wakulima walijifunza kwamba mtu aliyefunguliwa huweza kwenda zake, akajenga nyumba mjini badala ya kuinama shambani. Wasiwasi wao haukuwa wa bure, maana zao la stroberi halingoji, na mkulima wa shamba la wastani hana mamlaka juu ya bei anayopewa na wenye maduka. Hata hivyo yafaa kuuliza kwa nini kazi ya shambani ndiyo peke yake isiyotazamiwa kumvuta mtu kwa ujira.

Mapatano yote ya baadaye yana alama ya somo hilo. Mwaka 2000 chama cha wafanyakazi na wakulima walipatana juu ya mswada, ulioletwa Bungeni mwaka 2003 na Seneta Larry Craig na Seneta Edward Kennedy, wenye kutoa hati kwa sharti la kuendelea na kazi ya shamba. Mwaka 2013 Baraza la Seneti lilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32 mswada mkubwa wenye sharti kama hilo, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Mswada wa Zoe Lofgren na Dan Newhouse ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2019 kwa kura 260 dhidi ya 165, ukapita tena mwaka 2021 kwa kura 247 dhidi ya 174, nao ukakwama katika Seneti. Kwa mswada huo mtu aliyelima miaka kumi angelima minne mingine kabla ya kuomba haki ya kukaa daima, na aliyelima pungufu ya hapo angelima minane, siku 100 kila mwaka.

Hivi ndivyo siku 90 za nyuma zilivyogeuka kuwa miaka minane ya mbele. Wale waliokubali sharti hilo kwa niaba ya wafanyakazi hawakudanganyika. Walipima, wakaona kipande chenye mwisho ni bora kuliko hofu isiyo na mwisho. Hata kipande hicho hakikupatikana. Mwezi Machi 2020, tauni ya korona ilipoingia, serikali iliwatangaza wafanyakazi wa mashamba kuwa watu wa lazima kwa taifa, na waajiri wakawapa barua za kuonyesha njiani. Mtu aliweza kubeba barua ya kwamba ni wa lazima, hali hana hati ya kwamba yupo. Mwezi Juni 2025 misako katika mashamba iliamriwa isimamishwe, na kabla ya juma kwisha amri hiyo ikatanguliwa na nyingine. Na uchunguzi wa Idara ya Kazi ya Marekani umeonyesha kwamba karibu watu wanne katika kila kumi wafanyao kazi ya mazao hawana hati.

Historia hii haimpi msomaji hukumu rahisi. Yamwonyesha tu kwamba haitoshi kuuliza kama hati itatolewa. Bracero alikuwa nayo, na manamba wetu alikuwa na namba yake, na wote wawili walijua kwamba karatasi yaweza kuwa kamba. Wazee walipompa mtu wa kutwa kibarua chake, karatasi ile ilikiri deni: huyu amefanya kazi, naye anadai. Katika miaka zaidi ya 80 ya mabishano ya Marekani, Bunge limelikiri deni hilo kwa upana mara moja, mwaka 1986. Kabla yake na baada yake, kilichobishaniwa kwa hakika kilikuwa urefu wa kamba.