Kambi za likizo za watoto: usalama na maandalizi ya dharura

Kambi ya likizo ni mahali ambapo watoto hukusanywa kwa siku au wiki kadhaa shule zikiwa zimefungwa, wakilala hapo mbali na wazazi wao chini ya uangalizi wa watu wazima wachache. Katika nchi za kaskazini huitwa pia kambi ya kiangazi, kwa kuwa likizo ndefu huko huangukia kati ya Juni na Agosti. Kinachoitofautisha na shule ya bweni, kwa upande wa usalama, ni kwamba mto, ziwa au msitu unaoweza kumdhuru mtoto ndio huohuo uliowafanya watu wajenge kambi hapo. Jambo la pili ni kwamba walezi wengi wa kambi ni vijana wenyewe, wanafunzi wa vyuo walioajiriwa kwa msimu mmoja, ambao hawajawahi kuuona mto huo ukifurika.

Desturi hii ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1861 mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, Marekani, aliwapeleka wanafunzi wake kupiga kambi ufukweni. Mwaka 1876 mchungaji Hermann Walter Bion wa Zürich alianza kuwapeleka milimani watoto maskini wa mjini wapate hewa safi na chakula, na makoloni ya likizo ya Ufaransa na nchi jirani yakafuata mfano wake. Umoja wa Kisovyeti ulifungua kambi ya Artek huko Crimea mwaka 1925. Kambi inayofahamika zaidi kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni ile ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, iliyozaa uskauti. Mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, amezikwa Nyeri, Kenya.

Usiku wa mto Guadalupe

Tukio linalotajwa zaidi leo ni la Texas, Julai 4, 2025. Camp Mystic, kambi ya Kikristo ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1926, iko kando ya mto Guadalupe katika Kaunti ya Kerr, penye vilima vya mawe na udongo mwembamba. Mvua kubwa ikinyesha huko, ardhi hainywi maji. Yote huteremka mtoni kwa pamoja. Wenyeji huliita eneo hilo uchochoro wa mafuriko ya ghafla, na hawakulipa jina hilo juzi. Mnamo Julai 17, 1987, basi lililokuwa likiwaondoa vijana kambini karibu na mji wa Comfort, kando ya mto huohuo, lilikwama kwenye maji yaliyofunika barabara. Vijana 10 walikufa.

Usiku wa 2025 mto ulipanda karibu mita 8 kwa muda wa dakika 45. Katika Texas nzima walikufa zaidi ya watu 130, na Camp Mystic pekee ilipoteza wasichana na walezi 27. Mkurugenzi wake wa miaka mingi naye alikufa akijaribu kuwaondoa watoto. Waliopata pigo kubwa zaidi ni wadogo kabisa, wa umri wa miaka minane hivi, waliolazwa kwenye mabweni ya tambarare karibu na mto, ilhali wakubwa walilala kilimani. Katika bweni moja, lililoitwa Bubble Inn, hakunusurika mtoto wala mlezi.

Haiwezi kusemwa kwamba hakukuwa na onyo. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitoa tahadhari ya mafuriko mchana wa Julai 3. Onyo la mafuriko ya ghafla lilitoka saa 7:14 usiku, na tangazo la ngazi ya juu kabisa saa 10:03 alfajiri. Kati ya nyakati hizo mbili zilipita karibu saa tatu, na watoto walikuwa usingizini. Ving'ora kando ya mto vilijadiliwa na kaunti kwa miaka mingi, lakini usiku ule havikuwapo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mpango wa dharura haukuwapo. Siku mbili kabla ya mafuriko, mkaguzi wa jimbo alifika kambini, akakagua, akaandika kwamba mpango upo. Kuhusu mpango huo ulisema nini, familia zilizofungua kesi Novemba 2025 zinadai kwamba uliwaagiza watoto wabaki mabwenini wakati wa mafuriko mpaka ofisi iseme vinginevyo, kwa hoja kwamba mabweni yote yamejengwa mahali pa juu na salama. Kuanzia mwaka 2013 majengo kadhaa ya kambi yaliondolewa kwenye ramani ya serikali kuu inayoonyesha maeneo ya hatari ya mafuriko, baada ya kambi kukata rufaa. Rufaa kama hiyo inaruhusiwa na sheria. Mto, hata hivyo, hausomi ramani.

Katika eneo hilohilo iko kambi ya Mo-Ranch. Huko mfanyakazi mmoja aliona maji yakipanda mnamo saa saba usiku, akawapigia wakubwa wake, nao wakawaamsha watoto na watu wazima wapatao 70 waliolala karibu na mto, wakawahamishia jengo la juu. Hakufa mtu. Tofauti ya kambi hizi mbili isipimwe kwa unene wa makabrasha. Mo-Ranch kulikuwa na mtu aliye macho, na aliyepigiwa simu hakungoja amri ya serikali ili awaamshe watoto wa watu.

Ajali ya 1987 nayo inafundisha upande wa pili: kuhama kwa kuchelewa, kwa gari, kupitia barabara ya chini, kunaua kama kubaki. Katika bonde la mto kuhama maana yake ni kupanda kilima kwa miguu, mapema, hata kama mvua inanyesha na watoto wanalia. Camp Mystic pia, wasichana waliookoka kutoka tambarare ni pamoja na waliopanda mlima gizani, pekupeku, wakishikana mikono.

Wiki tisa baada ya mafuriko ya Camp Mystic, Septemba 5, 2025, gavana Greg Abbott alitia saini sheria mpya. Sheria hizo zinazuia leseni kwa kambi yenye mabweni ndani ya eneo la mafuriko, zinataka mpango wa dharura upelekwe serikalini kila mwaka na kuhakikiwa, wafanyakazi wafunzwe, watoto waelekezwe wanapofika, njia za kutokea ziwe na taa, na kambi iwe na njia zaidi ya moja ya kupokea maonyo. Baadhi ya wenye kambi walilalamikia gharama. Wazazi wa marehemu walikuwamo ukumbini sheria ziliposainiwa.

Majini

Mafuriko ni nadra. Hatari ya kila siku kambini ni kuogelea na kupanda mitumbwi, na mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye filamu. Anazama kimya, mara nyingi mita chache kutoka kwa mtu mzima. Ndiyo maana kambi nyingi huwaingiza watoto majini wawili wawili: kila mmoja ana mwenzake, kila mmoja ana kibao chenye jina lake kinachotundikwa ubaoni anapoingia na kutolewa anapotoka, na kila baada ya dakika kama 10 filimbi inapulizwa, wawili washikane mikono wainue juu, wahesabiwe. Kibao kimoja kikibaki ubaoni bila mwenyewe, kila kitu kinasimama mpaka apatikane. Ni njia ya bei ya misumari na vipande vya mbao, na hakuna kamera iliyoishinda bado. Ufaransa imeweka idadi kisheria: mlezi mmoja ndani ya maji kwa kila watoto 8, na kwa walio chini ya miaka 6, mmoja kwa kila watoto 5.

Ajali mbili za mitumbwi zimeacha alama. Machi 22, 1993, wanafunzi wa Plymouth waliokuwa kwenye kituo cha michezo ya nje walipelekwa baharini katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza, na wakufunzi wasio na uzoefu, bila fataki za kuomba msaada. Wanne walikufa. Ilibainika mahakamani kwamba wakufunzi wawili waliokuwa wameacha kazi kituoni hapo walimwandikia mkurugenzi mkuu wa kampuni iliyokiendesha barua mwaka uliotangulia, wakimwonya kuhusu usalama. Mkurugenzi huyo alifungwa, na mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya leseni kwa vituo vya aina hiyo. Ya pili ni ya ziwa Syamozero, Karelia, Urusi, Juni 18, 2016: watoto walipelekwa ziwani ingawa dhoruba ilikwishatangazwa, na 14 wakafa. Mtoto mmoja alifaulu kupiga simu ya dharura. Aliyepokea alidhani ni utani wa mtoto. Uokoaji ulianza siku iliyofuata, baada ya msichana mmoja kujikokota hadi kijijini kutoa habari.

Kwa radi, kanuni inayofuatwa na kambi nyingi ni fupi: ukisikia ngurumo, wote watoke majini na uwanjani waingie ndani ya jengo, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema na kivuli cha mti havihesabiwi kuwa ndani.

Hatari itokayo kwa watu

Katika kisiwa cha Utøya, Norway, Julai 22, 2011, mtu mwenye silaha aliyevaa sare ya polisi aliua watu 69 kwenye kambi ya vijana ya chama cha Labour. Waliowavua wengi waliokimbilia majini walikuwa wenyeji na watalii waliokuwa karibu na boti zao, kabla polisi hawajavuka.

Lakini mtu wa kuogopwa mara nyingi hatoki nje. Chama cha Boy Scouts cha Marekani kiliomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika Februari 2020, yakafuata madai zaidi ya 82,000 ya watu waliosema walidhalilishwa kingono utotoni, na fidia iliyokubaliwa ni dola bilioni 2.46. Kanuni iliyoenea baada ya kashfa za namna hii ni kwamba mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana: si bafuni, si hemani, si garini.

Afrika Mashariki

Kambi za skauti na za vijana wa makanisa katika Afrika Mashariki mara nyingi huazima majengo ya shule wakati wa likizo. Hatari inayotangulia hapo ni moto wa usiku. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, na vitanda viachane mita 1.2. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, kaunti ileile alikozikwa Baden-Powell. Masharti hayo hayabadiliki kwa sababu wanaolala humo wiki hii ni wageni.

Mzazi anayetia saini fomu ya kambi ana haki ya kuuliza mambo matatu: mwanangu atalala wapi, nani atakuwa macho saa tisa usiku, na watoto wamefanya lini zoezi la kutoka gizani. Aulize na asubiri jibu kabla ya kusaini.