Akiba ya Uzeeni: Ilikotoka na Namna Ikatwavyo

Waliotandaza reli ya kuja Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, walilipwa ujira wao basi. Mfuko wa lazima haukuwapo. Mwili ulipochoka, mzee aliwategemea wanawe na minazi yake. Baadaye mtumishi wa Serikali alipata kiinua mgongo na pensheni kutoka Hazina, lakini karani wa duka au mpagazi wa bandarini hakuwa na haki hiyo. Bara walitunga sheria ya akiba ya wafanyakazi mwaka 1964. Kwa kuwa hifadhi ya jamii si jambo la Muungano, sisi Visiwani tulingoja hadi Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, iliyounda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, yaani ZSSF.

Hapo ndipo mwajiri asiye Serikali naye alipobanwa. Mwanzoni mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri akaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Mathalani, karani wa mizani alipwaye shilingi 300,000 angekatwa 15,000, chama kikatoa 30,000, na jumla ya 45,000 ikapelekwa kwenye Mfuko kwa jina lake. Viwango vimeongezwa tangu hapo, ila utaratibu ni ule ule. Ndugu wanachama, msiuone mchango huo kuwa hisani ya chama. Ni sehemu ya malipo ya kazi. Na fedha iliyokwisha kukatwa si yetu hata kwa siku moja, ijapokuwa sanduku ni tupu na msimu ni mbaya. Kila karani na adai taarifa ya michango yake.

Taabu iko kwa mkulima mwenyewe. Yeye hana mwajiri wa kumwongezea. Mchumaji karafuu naye hulipwa kwa pishi, leo shamba hili, kesho lile, nani amkatie? Kwa watu hao Mfuko ulifungua mpango wa hiari, ambapo mtu hujiwekea kadiri ya uwezo wake. Ni mlango mwema, lakini atoaye ni mmoja tu, na mwaka karafuu zisipozaa hatoi kitu.

Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alichangia au hakuchangia. Wakulima wengi wa rika hilo hawakuwa wamepata kabla ya hapo pensheni ya aina yoyote.