Dhima ya kisheria kwa ukatili katika michezo ya vijana

Dhima ya kisheria kwa ukatili katika michezo ya vijana ni wajibu wa mchezaji, mwamuzi, kocha au mzazi kujibu mahakamani mtu anapoumizwa mchezoni. Kadi nyekundu au kufungiwa na chama hakuufuti wajibu huo. Kesi huwa ya madai, aliyeumia akitaka fidia, au ya jinai, dola ikitaka adhabu.

Utetezi wa kawaida ni ridhaa: anayeingia uwanjani huhesabiwa kuwa amekubali misukosuko ya mchezo, la sivyo kila rafu ingeishia polisi. Amekubali mpaka wapi? Jibu linalorejewa sana lilitolewa Marekani mwaka 1975, katika kesi ya Nabozny dhidi ya Barnhill. Timu mbili za vijana wa umri wa sekondari zilikuwa zikicheza soka Winnetka, Illinois. Golikipa alipiga goti ndani ya eneo la penalti, akaudaka mpira na kuukumbatia kifuani. Mshambuliaji aliyeufukuzia hakusimama, akampiga teke la kichwa. Fuvu na ubongo vikapata madhara ya kudumu. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mshambuliaji. Mahakama ya rufaa ikatengua: kanuni ya kutomgusa golikipa aliyeshika mpira iliwekwa kulinda mwili wake, na anayeivunja kwa makusudi au kwa kutojali kabisa usalama wa mwenzake anaweza kudaiwa. Uzembe mdogo, wa mguu uliochelewa, hautoshi. Kipimo hiki kina busara, ingawa humtwisha aliyeumia kazi ngumu ya kuthibitisha nia ya mtu aliyekuwa mbioni.

Mechi ikiisha, utetezi wa ridhaa nao umekwisha. Desemba 2012 huko Almere, Uholanzi, baba aliyejitolea kushika kibendera katika mechi ya timu ya mwanawe alishambuliwa kwa ngumi na mateke na wapinzani, akafariki siku iliyofuata. Shirikisho la soka, KNVB, lilifuta mechi za wachezaji wasiolipwa za wikiendi iliyofuata. Watetezi walidai mshipa wa shingoni ulichanika wenyewe. Mahakama ikaikataa hoja hiyo mwaka 2013 na kuwatia hatiani vijana sita na mzazi wa mchezaji kwa kuua bila kupanga. Mzazi alifungwa miaka 6, vijana mwaka 1 hadi 2. Wengi waliona adhabu ya vijana ni ndogo mno, lakini sheria ya Uholanzi ya makosa ya watoto haikuruhusu zaidi ya miaka 2.

Watu wazima wanaosimamia mchezo nao hushtakiwa. Uingereza, katika kesi ya Smoldon dhidi ya Whitworth, kijana wa miaka 17 alipooza katika mechi ya raga ya chini ya miaka 19 baada ya skramu, yaani kundi la wachezaji wa timu mbili wanaosukumana kuwania mpira, kuporomoka. Mwaka 1996 mahakama ilimwona mwamuzi ana dhima kwa kushindwa kuzidhibiti skramu. Mchezaji pinzani aliyeshtakiwa naye hakuwajibishwa.