Mgonjwa Asiyetajwa: Katheta ya Nje na Kinga ya Maambukizi kwa Wanawake Waliolazwa

Makala haya yanafuatilia historia ya vifaa vya kukusanyia mkojo nje ya mwili, hususani nchini Marekani, na kuonyesha namna miongozo ya tiba ilivyomwacha mwanamke nje ya kinga ambayo mwanamume alikwisha kupewa. Hoja kuu ni kwamba mwongozo unapolinyamazia kundi fulani la wagonjwa, ukimya huo hufanya kazi kama agizo: muuguzi hurejea kwenye kifaa alichozoea.

Kwa zaidi ya miaka 80, kifaa hicho kimekuwa katheta ya ndani, ambayo wagonjwa wetu huiita mpira wa mkojo. Umbo lake la sasa linahusishwa na daktari Frederic Foley, aliyelibuni katika miaka ya 1930: mrija wenye puto dogo linalojazwa maji ndani ya kibofu ili usichomoke. Kukaa huko ndiko kulikozaa tatizo. Bakteria huufuata mrija hadi kibofuni na kujenga utando juu yake. Kwa kila siku inayopita, uwezekano wa bakteria kuonekana katika mkojo huongezeka kwa takribani asilimia 3 hadi 7. Mwaka 1958 Paul Beeson aliwahimiza madaktari wenzake wautafakari uamuzi huo kabla ya kuufanya. Mwaka 1966 Kunin na McCormack walionyesha kuwa mfumo wa mrija na mfuko uliofungwa hupunguza maambukizi. Hata hivyo, mfumo huo haukuyakomesha.

Kinga iliyo bora zaidi ni kutouweka mpira pasipo haja. Kwa mwanamume, njia mbadala ilipatikana mapema: ala iliyoundwa mfano wa kondomu, inayovalishwa kwa nje na kuunganishwa na mfuko. Kwa mwanamke, maumbile yalileta ugumu. Mlango wa mkojo umezungukwa na nyama laini na unyevu, hivyo vifuko vya kubandika havikushika vizuri.

Ugumu huo wa kiufundi uliingia katika maandishi. Mwongozo wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani wa mwaka 1981 ulipendekeza njia mbadala kwa “wagonjwa teule”, lakini katheta ya nje uliyoitaja ilikuwa ya kondomu. Mwongozo wa mwaka 2009 ulitamka wazi kwamba katheta ya nje ifikiriwe kwa wagonjwa wanaume wenye kutoa ushirikiano na wasio na mkojo uliozuilika. Mwanamke mwenye hali hiyohiyo hakupewa sentensi yake. Mwaka mmoja kabla, tarehe 1 Oktoba 2008, bima ya umma ya Medicare ilikuwa imeacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za maambukizi yatokanayo na katheta. Hivyo hospitali zilibanwa kupunguza mipira, ilhali kwa nusu ya wagonjwa hazikuwa na kifaa cha nje cha kutegemea.

Katika miaka ya 2010 kilienea kifaa cha aina nyingine, kikiwamo PureWick. Hakibandikwi wala hakiingizwi mwilini. Ni kifaa laini kinacholazwa baina ya mapaja, kikafyonza mkojo kwa mvuto mdogo wa mashine hadi kwenye chombo. Kina mipaka yake: hubadilishwa kila baada ya saa 8 hadi 12, huweza kuvujisha au kuumiza ngozi, na hakimfai mgonjwa ambaye mkojo wake umezuilika. Aidha, huhitaji umeme na mashine ya kufyonza.

Kwa watungaji wa sera katika kanda yetu, historia hii ina funzo la kiisimu. Neno “mgonjwa” katika Kiswahili halibainishi jinsia. Tukitafsiri mwongozo kwa kuandika tu “mgonjwa apewe katheta ya nje”, tutakuwa tumeziba pengo kwa maneno, ilhali wodini kilichopo ni ala ya kiume pekee. Inapendekezwa basi istilahi zitenganishwe: katheta ya ndani, ala ya nje ya kiume, na kifaa cha nje cha kike. Pale ambapo kifaa cha kike hakipo, mwongozo useme la kufanya: mwanamke asaidiwe kwenda msalani au apewe chombo cha kujisaidia kitandani kwa ratiba, na haja ya mpira ihojiwe kila siku. Asiyetajwa katika sentensi hubaki na mpira.