Colin Baker: Sauti Iliyoshinda Vazi

Historia ya mwigizaji huandikwa mara nyingi na wale waliomtazama. Wale waliomsikiliza huulizwa baadaye, pengine wasiulizwe kabisa. Katika makala haya tunawaletea wasomaji habari za Colin Baker wa Uingereza, ambaye kazi yake yadhihirisha hasara ya desturi hiyo.

Baker alizaliwa London mwaka 1943. Alisomea sheria, kisha akaiacha na kuingia katika uigizaji. Alijulikana kwanza katika tamthilia ya televisheni iitwayo The Brothers, ambamo kati ya 1974 na 1976 aliigiza Paul Merroney, bwana wa benki asiye na huruma. Mwaka 1984 alikabidhiwa dhima kubwa zaidi, ile ya Daktari katika Doctor Who, tamthilia ya BBC iliyoanza mwaka 1963. Mhusika huyo husafiri katika nyakati, na akaribiapo kufa huvaa mwili mpya. Ndivyo waigizaji wanavyopokezana dhima hiyo. Baker alikuwa wa sita.

Hapo matata yakaanza. Mwenyewe alitaka mavazi meusi. Akavikwa koti la viraka vya rangi zinazogombana, kwa kuwa mtayarishaji alikusudia vazi linalochukiza macho. Mhusika naye aliandikwa kuwa mkali na mwenye majivuno, kwa nia ya kulainishwa polepole. Muda wa kumlainisha haukutosha. Mwaka 1985 BBC iliiahirisha tamthilia kwa miezi 18, na mwaka 1986 Baker akaondolewa. Aliombwa arudi kwa kisa kimoja ili mhusika wake amalizike, akakataa. Basi mwaka 1987 mrithi wake, Sylvester McCoy, alivishwa koti lile na nywele za bandia, akaigiza mwisho wa mwenzake na mwanzo wake mwenyewe.

Lau habari ingeishia hapo, tungesema kuwa Baker alishindwa. Lakini mwaka 1999 kampuni ya Big Finish ilianza kutoa michezo ya Doctor Who ya kusikilizwa tu, naye akarudi. Koti halikuonekana tena. Ilibaki sauti, nzito na yenye madaha, iwezayo kubeba sentensi ndefu bila kuipoteza maana, kisha ikashuka ghafula hadi kwenye upole. Mwaka 2000, katika The Marian Conspiracy, alipewa mwandani mpya, Evelyn Smythe, mwalimu wa historia wa makamo aliyeigizwa na Maggie Stables. Huyu hakumwogopa Daktari. Alimjibu na kumkosoa, hata majivuno yakazaa ucheshi na huruma. Hatimaye, mwaka 2015, The Last Adventure iliwapa wasikilizaji mwisho wa Daktari huyo kwa sauti ya Baker mwenyewe, miaka 28 baada ya mwisho ule wa nywele za bandia.

Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Habari hii ni kinyume chake: mti ulikuwa nje. Mtu alikuwa yule yule, na dhima ile ile. Kilichobadilika ni chombo, na muda waliopewa waandishi. Nasi walimu, tunaowapima wanafunzi wengi kwa kalamu peke yake, hatuna budi kujiuliza ni wangapi tumewahukumu kabla ya kuwasikia.