Keneli Iliponyang'anywa Daftari Lake

Simu ya Android ikiwashwa Shari, Bunia, kazi nyeti kuliko zote hufanyika kabla programu yoyote haijafunguka kwenye kioo. Keneli ya Linux, programu kuu inayotawala mashine nzima, huikuta kumbukumbu iko wazi: amri yoyote yaweza kuandika karibu popote. Kwanza hupanga majedwali ya kurasa, orodha zinazoeleza kila ukurasa wa kumbukumbu uko wapi na nani ana ruhusa ya kuusoma au kuuandika. Kisha huwasha biti moja ndani ya prosesa, na tangu hapo kila anwani hupimwa kwa orodha hizo.

Mpango wa kurasa ulianzia Manchester, Uingereza, kwenye kompyuta ya Atlas iliyozinduliwa Desemba 1962. Intel iliuingiza katika prosesa zake za kompyuta ndogo mwaka 1985, ilipotoa 386.

Nayo 386 ilikuja na tundu. Ukurasa uliotiwa alama ya kusomwa tu uliwazuia watumiaji wa kawaida, lakini keneli iliuandika bila kuulizwa. Tundu hilo lilizibwa mwaka 1989 katika 486, kwa biti iitwayo WP.

Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux huko Helsinki mwaka 1991, mashine yake ilikuwa 386. Kwa miaka mingi, basi, Linux ilifanya jaribio la ajabu ilipokuwa ikiwaka: iliandika kwa makusudi kwenye ukurasa uliokatazwa. Ikizuiwa, biti ya WP inafanya kazi. Ikipita, ni 386, na keneli italazimika kujikagua yenyewe kila inapotaka kuandika kwenye kumbukumbu ya mtumiaji. Desemba 2012 Torvalds alikubali 386 iachwe kabisa.

Yakabaki majedwali yenyewe. Ni kama daftari la viwanja: anayelishikia kalamu aweza kujiandikia mji wote. Mdukuzi akishaingia ndani ya keneli, hulibadilisha na vizuizi vyote vikawa bure.

Mwaka 2014 watafiti wa Samsung walieleza mlinzi waliyemweka nje ya keneli, katika sehemu iliyotengwa ya prosesa ya ARM. Majedwali hugeuzwa ya kusomwa tu, na keneli ikitaka kurekebisha hata mstari mmoja, humwomba mlinzi huyo, naye hukagua kwanza. Mwaka 2018 Apple ilipita njia yake kwenye chipu ya A12: kipande kidogo tu cha keneli ndicho kilichoachiwa ruhusa ya kuyaandika.